Mwanza Si Mwisho wa Reli

Nimeombwa nizungumzie nishati na uchukuzi kati ya mikoa na nchi zinazolizunguka ziwa letu la Victoria. Naomba nianze na gunia la dagaa.

Asubuhi nilipita Mwaloni, Kirumba. Kina mama wawili walikuwa wanafunga gunia. Mmoja analikandamiza kwa goti ili dagaa washuke, mwenzake ana sindano ndefu na uzi wa manila, anashona mdomo wa gunia kwa mishono mipana. Nikauliza mzigo unakwenda wapi. "Kongo," akajibu bila kuinua kichwa, akaendelea kushona.

Gunia lile nimekuwa nalifikiria mchana kutwa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haujachomoza, kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, na mafuta ya taa yake yalikuja Mwanza kwa reli kutoka Dar es Salaam. Siku hizi wavuvi wengi wana taa za betri, na betri hizo huchajiwa kwa jua au kwa umeme wa nchi kavu. Ukisimama usiku juu ya mlima wowote wa mji huu ukatazama ziwani, unaona mji wa pili umewashwa juu ya maji. Hao ndio wavuvi wetu. Dagaa wakianikwa Ukerewe au Goziba, huja Mwaloni kwa boti, kisha huingia kwenye lori, huvuka ghuba, hupita Geita na Nyakanazi, hufika Rusumo au Kabanga, na hapo hukutana na forodha. Tangu taa ya mtumbwini hadi meza ya afisa wa mpakani, gunia hilo limeguswa na kila jambo nitakalolisema leo: mafuta, umeme, meli, daraja, reli na karatasi. Na kwa miaka yote niliyofuatilia mambo haya, karatasi ndiyo niliyoiona ikikwamisha safari mara nyingi kuliko chuma.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema jioni hii. Tunajua kwamba meli ina kutu, nguzo zinaoza, lami inatoboka. Tunatenga fedha za matengenezo, ingawa hazitoshi. Lakini makubaliano kati yetu na majirani nayo yana kutu, na hayo hatuyatengenezi. Tukishatia saini tunapiga picha, tunaliweka faili kabatini, na tunashangaa miaka kumi baadaye tukikuta kitu hakifanyi kazi.

Ushahidi uko pale Bandari ya Mwanza Kusini.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kwenye ramani zote mbili zinaishia majini, na tangu tukiwa watoto tumeusikia mji huu ukiitwa mwisho wa reli. Lakini waliokuwa wakiziendesha hawakuyaona maji kama mwisho. Kwao ziwa lilikuwa kipande cha njia. Reli ya Wajerumani na ile ya Waingereza zote zilijengwa kwa upana wa mita moja, kwa hiyo behewa la Tabora lingeweza kutembea Kampala bila kubadilishwa gurudumu, alimradi apatikane wa kulivusha. Miaka ya 1960 wakaja wa kulivusha: meli mbili za mabehewa, Umoja na Uhuru, zilizoundwa Scotland na kuunganishwa upya Kisumu.

Mtu aliyeiona Umoja ikipakia hasahau. Sitaha yake imetandikwa reli. Meli inajisogeza hadi gatini, daraja la chuma linashushwa, na reli ya nchi kavu inaangaliana na reli ya melini, ncha kwa ncha. Injini inasukuma mabehewa polepole, mwongozaji akiwa mbele anapunga mkono. Hawajazi upande mmoja kwanza. Wanaingiza machache kushoto, machache kulia, kisha tena kushoto, kwa sababu mzigo ukilemea upande mmoja chombo kinalala. Kila ninapoikumbuka kazi ile naona wanamaji na watu wa reli, wenye sare mbili tofauti, wanafanya kazi moja kwa ishara za mikono tu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983, na mgawanyo wa mali za Jumuiya haukutiwa saini hadi 1984. Umoja ikabaki kwetu, Uhuru ikabaki Kisumu. Uganda, nchi isiyo na bahari, ikanunua meli zake tatu, Kabalega, Kaawa na Pamba, ili isitegemee mlango mmoja. Mei 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana ziwani, Kabalega ikazama. Safari za mabehewa kati ya Mwanza na Port Bell ya Uganda zikadhoofika, zikasahauliwa. Zilifufuka mwaka 2018, wakati Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipohitaji njia ya kupeleka chakula Uganda.

Naomba tulitazame jambo hili vizuri. Meli ilikuwapo. Reli ilikuwapo pande zote mbili. Gati lilikuwapo. Upana wa reli haukubadilika hata milimita moja. Kilichokosekana ni watu wa nchi tatu kukaa mezani kila msimu na kuulizana: behewa la nani liko wapi, nani analipa likichelewa, ratiba ya mwezi ujao ni ipi. Ikabidi wenye njaa ndio watukumbushe kwamba tuna meli.

Sasa niwapeleke upande wa umeme, na hapa naomba uvumilivu wenu kidogo, maana jambo lenyewe ni kubwa kuliko tunavyolizungumza.

Ziwa letu lina mito mingi inayoingia, Kagera, Mara, Simiyu na mingine, lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea: Jinja. Mwaka 1954 pale Jinja likafunguliwa bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale. Kabla ya bwawa, mwamba ndio ulioamua maji kiasi gani yatoke: ziwa likijaa yanatoka mengi, likipungua yanatoka machache. Walipolijenga bwawa walikubaliana kwamba milango yake ifunguliwe kwa kuufuata mwamba ule, yaani maji yatoke kwa kiasi ambacho yangetoka yenyewe kulingana na kina cha ziwa. Kwa maneno mengine, tangu 1954 ziwa hili lote, kutoka Musoma hadi Bukoba, kutoka Kisumu hadi hapa Capri Point, ni akiba ya maji ya mitambo ya Jinja. Karibu nusu ya eneo lake liko Tanzania, na mlango wake uko Uganda.

Kati ya 2005 na 2006 tuliona mapatano yale yakilegea. Mvua zilikuwa haba, Uganda ilikuwa na njaa ya umeme na ilikuwa imeongeza mitambo ya Kiira pembeni ya bwawa la zamani. Ukame ulichangia, hakuna anayebisha, lakini vilevile maji yaliyofunguliwa yalizidi kipimo kilichokubaliwa. Kina cha ziwa kikashuka hadi kiwango ambacho kizazi chetu hakikuwahi kukiona. Kwetu sisi matope yakatokeza palipokuwa na maji, na magati yakabaki juu, vyombo vikiwa chini. Siwalaumu wananchi wa Kampala waliotaka taa, na sisi wenyewe wakati ule tulikuwa kwenye mgao. Ninachosema ni kwamba nahodha wa Mwanza na fundi wa Jinja walikuwa wanatumia maji yale yale, na hawakuwa na mahali pa kuzungumza kabla mambo hayajaharibika.

Mei 2020 ikawa kinyume chake. Ziwa lilijaa likavuka rekodi ya 1964, nyumba za ufukweni zikaingiwa na maji. Mwezi mmoja kabla, kisiwa kinachoelea, mafunjo na magugu yaliyong'oka kandokando ya ziwa, kilisukumwa na upepo hadi kwenye mitambo ya Jinja, na Uganda ikaingia gizani. Kwa hiyo magugu yakistawi kwenye ghuba zetu kwa sababu ya uchafu tunaoumwaga, si wavuvi peke yao wanaoumia. Yanaweza kuzima taa za hospitali ya nchi nyingine.

Na umeme wa Jinja hauishii Uganda. Kwa miongo kadhaa sehemu kubwa ya Mkoa wa Kagera imewashiwa taa kwa njia ya kilovolti 132 kutoka Masaka hadi kituo cha kupoza umeme cha Kyaka. Wazee wenzangu, mnalikumbuka jina hilo. Ni Kyaka ambako mwanzoni mwa Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalilipua daraja la Mto Kagera ili jeshi letu lisipite. Vijana wa Bukoba wanaosoma usiku kwa umeme uliopita Kyaka pengine hawalijui hilo, na mimi nafurahi kwamba hawana sababu ya kuliogopa jina lile kama tulivyoliogopa sisi.

Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi, hata kwenye daladala: kwa nini tununue umeme kwa jirani wakati tuna Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115? Ni swali la haki, na anayeuliza asibezwe. Jibu langu ni la jiografia. Umeme husafiri kwa waya, na waya hula sehemu ya umeme njiani. Kadiri safari inavyorefuka ndivyo unavyoliwa zaidi. Bukoba iko karibu na Jinja kuliko Rufiji. Ngara iko mlangoni kwa Rwanda. Kuiunganisha Kagera na gridi ya taifa kupitia Benako ni jambo jema na la lazima, lakini lisiwe sababu ya kuikata njia ya Masaka. Mkoa ukiwa na milango miwili, mmoja ukifungwa watu hawakai gizani. Na siku tukiwa na ziada, umeme unaweza kurudi kwa njia ile ile kwenda kwa jirani.

Rusumo ndipo penye mfano bora kuliko yote katika ukanda wetu, na unanishangaza jinsi usivyotajwa sana hapa Mwanza. Kwenye maporomoko ya Mto Kagera, mpakani kwa Ngara na Rwanda, kuna mitambo mitatu yenye jumla ya megawati 80. Wamiliki ni watatu kwa usawa: Tanzania, Rwanda na Burundi. Kila mmoja anapata theluthi, megawati 26 na kitu, na kila mmoja ana njia yake ya kusafirisha. Ya kwetu inakwenda Nyakanazi. Kampuni ni moja, bodi ni moja, hesabu ni moja. Burundi haiwezi kuambiwa kesho kwamba fungu lake limepunguzwa.

Wengine humu mlikuwa watu wazima mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule watu takriban robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja wakikimbia vita vya Rwanda, na Ngara ikawapokea. Wiki zilizofuata mto ule ule uliwaleta ziwani wale ambao hawakuokoka. Wavuvi wetu waliwaona. Watu wakaacha kula samaki. Sitasema zaidi, kwa heshima ya waliokufa. Lakini anayedhani Mwanza inaweza kuishi bila kujali yanayotokea juu ya Mto Kagera, mwaka ule ulimjibu. Ndiyo maana mitambo ile mitatu naipa uzito kuliko megawati zake.

Kwa upande wa mashariki tuna jambo jipya. Tangu Desemba 2024 gridi yetu imeungana na ya Kenya kwa njia ya kilovolti 400 kati ya Singida na Isinya, zaidi ya kilomita 500, yenye uwezo wa kupitisha hadi megawati 2,000. Singida ni mbali na hapa, lakini njia ya msongo huo huo inatoka Singida hadi Shinyanga, na Shinyanga ni jirani yetu wa mlango. Kuna kitu kimoja kuhusu muungano huu ambacho mafundi wanakijua na wananchi wanastahili kukijua. Gridi zikiungana kwa namna hii, umeme wa mashine zote hupiga kwa mdundo mmoja, mara 50 kwa sekunde, kama wapiga kasia wa mtumbwi mmoja. Mmoja akizimika ghafla, wote wanasikia uzito papo hapo, kabla mtu yeyote hajainua simu. Ukiwa na wenzio walio makini, watakubeba. Wakiwa wazembe, watakuzamisha. Kwa hiyo yule fundi wa zamu wa kwetu na yule wa Kenya lazima wafahamiane kwa sauti, wawe wamefanya mazoezi pamoja, na wawe na ruhusa ya kuamua saa nane usiku bila kusubiri barua ya wizara.

Nirudi barabarani. Tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la John Pombe Magufuli, Kigongo hadi Busisi, takriban kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza. Sihitaji kuwaeleza lilivyotubadilisha. Mnakumbuka foleni ya kivuko: malori yamejipanga, basi limezimwa, mgonjwa anapelekwa hospitali ya Bugando amelazwa kiti cha nyuma, na ndugu yake amesimama nje anaangalia maji kana kwamba macho yatakivuta kivuko. Saa mbili, pengine tatu. Leo ni dakika chache.

Lakini Kigongo na Busisi palikuwa na watu walioishi kwa foleni ile. Wauza mahindi ya kuchoma, karanga, samaki wa kukaanga, maji ya chupa. Mama lishe na watoto aliowasomesha kwa chapati. Basi sasa linapita juu yao bila kusimama. Daraja lilistahili kujengwa, na wao walistahili mtu wa kukaa nao miaka mitano kabla na kuwauliza wanahamia wapi. Ushirikiano wa mikoa jirani huanzia hapo. Kigongo iko Misungwi, Busisi iko Sengerema, na ng'ambo zaidi ni Geita. Halmashauri hizo zingeweza kupanga soko moja la njiani, lenye maegesho ya malori, choo na chumba baridi cha samaki. Bado inawezekana.

Usalama majini sitaufanya sura nzima. Makaburi ya Igoma yanatosha kutukumbusha kuzama kwa MV Bukoba, Mei 21, 1996. Naomba tu niseme habari za Ukara.

Kijiji cha Bwisya, kisiwani Ukara, kilipata umeme wa jua mwaka 2016, wa gridi ndogo inayojitegemea kisiwani. Umeme ukifika mahali kama pale mambo ya kwanza kubadilika ni madogo: mashine ya kusaga inaacha kunguruma kwa dizeli, kinyozi anakuwa na umeme, soda inakuwa ya baridi, na mvuvi anachaji betri ya taa yake bila kuipeleka Nansio. Miaka miwili baadaye, Septemba 20, 2018, mbele ya kijiji hicho hicho, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati, kimebeba watu kuliko uwezo wake, na zaidi ya watu 220 wakafa. Wengi walikuwa wametoka gulioni Bugolora. Kisiwa kile kilikuwa na umeme wa karne hii na usafiri usio na uhakika wa kurudi nyumbani. Tangu siku ile sikubali kuzungumzia nishati peke yake au uchukuzi peke yake. Umeme huwapa watu wa Ukara kitu cha kuuza. Ukikosekana usafiri salama wa kukipeleka sokoni, tumewaongezea sababu ya kupanda chombo kilichojaa.

Nimalizie na reli. Juni 2021, pale Fela, Misungwi, liliwekwa jiwe la msingi la kipande cha reli ya kisasa cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341. Reli hiyo ni ya umeme, na tangu 2024 wasafiri wa Dar es Salaam na Dodoma wanajua ubora wake. Itakapofika hapa, treni yetu itategemea gridi ambayo kuanzia sasa inapumua pamoja na ya Kenya. Mashine ikizimika Olkaria, Kenya, kichwa cha treni Misungwi kitakuwa kwenye gridi hiyo hiyo.

Ila upana wake ni milimita 1,435. Reli iliyotandikwa kwenye sitaha ya Umoja ni ya milimita 1,000, na ya Port Bell ni hiyo hiyo, na ya Kisumu ni hiyo hiyo. Tofauti ni milimita 435, karibu dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Tusipoamua mapema, reli mpya itakuja kusimama mbele ya maji, na safari hii itakuwa mwisho wa reli kweli.

Ombi langu kwa wahandisi wetu, na kwa vijana wa uhandisi walioko humu ambao ndio watakaoikuta kazi hii mezani, ni kwamba reli ya zamani ising'olewe kutoka Mwanza Kusini. Iachwe ifike gatini, na pembeni yake ijengwe sehemu ya kuhamishia makontena kutoka behewa pana kwenda behewa jembamba, chini ya winchi moja, siku hiyo hiyo. Na kabla winchi haijaagizwa, wakae watu wa Mwanza, Port Bell na Kisumu, waandike ratiba moja, ibandikwe ukutani kwenye bandari zote tatu, na chini yake kiandikwe kila wiki kina cha ziwa na kiasi cha maji kilichofunguliwa Jinja, ili nahodha anayekuja kusoma saa ya kuondoka asome pia atakuta maji kiasi gani gatini aendako.